Sosi, kyubu na magadi: kipi kinamfaa mgonjwa wa figo?

Mgonjwa wa figo anapotoka kliniki, Meru au Embu, mara nyingi huwa amebeba ushauri mmoja ambao hawezi kuusahau: punguza chumvi. Familia hutii. Mkebe wa chumvi huondolewa mezani siku hiyo hiyo na kufichwa kabatini. Jioni sufuria ya githeri hutiwa magadi ili maharagwe yaive haraka, hukaangwa kwa kitunguu na nyanya, kyubu mbili za supu huvunjwavunjwa humo, kisha mchuzi mix wa pakiti humalizia kazi. Hakuna aliyegusa chumvi. Hata hivyo, huenda sahani hiyo ina sodiamu nyingi kuliko ile ya wiki iliyopita, wakati chumvi ilikuwa bado mezani.

Hapo ndipo ushauri mzuri unapoharibikia. Wagonjwa wengi huuliza kuhusu nyama, ndizi na parachichi, lakini ni wachache wanaouliza kuhusu sosi ya nyanya, pilipili ya chupa, achari au unga wa kukolezea mchuzi. Vitu hivi huonekana vidogo, havihesabiwi kuwa chakula, na katika nyumba nyingi aliyevitia si yule anayevila.

Figo mbili zenye afya, kila moja ikiwa na ukubwa wa ngumi, huchuja takriban lita 180 za majimaji kila siku na kurudisha karibu yote mwilini. Lita moja au mbili zinazobaki ndizo mkojo. Katika uchujaji huo figo huamua ni kiasi gani cha madini kibaki na kipi kitoke. Zinapodhoofika, na hapa Kenya kama kwingineko visababishi vikubwa ni shinikizo la damu na kisukari, uamuzi huo hulegea. Kinacholiwa hubaki mwilini.

Madini matatu ndiyo hutajwa zaidi. Sodiamu, ambayo ndiyo sehemu inayoleta shida katika chumvi, huvuta maji, huleta kiu, hupandisha shinikizo la damu na kuvimbisha miguu. Potasiamu huwa nyingi katika ndizi, viazi, nduma, parachichi na nyanya, na ikizidi katika damu inaweza kusimamisha moyo bila onyo kubwa. Fosforasi ikizidi huwasha ngozi, hudhoofisha mifupa na hukakamaza mishipa. Sosi na viungo vya dukani vinaweza kuleta yote matatu, kila kimoja kwa kiasi chake.

Kiwango na hesabu yake

Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe sodiamu miligramu 2,000 kwa siku, yaani chumvi isiyofika gramu 5, ambayo ni kama kijiko kimoja cha chai kilichosawazishwa. Miongozo ya kimataifa ya tiba ya figo ya mwaka 2024 inataja kiwango hicho hicho kwa wengi wa wagonjwa wa figo. Kijiko hicho si cha kutia kwenye sufuria pekee. Ndani yake kuna mkate wa asubuhi, kyubu, soseji, kila kitu.

Chukua mfano wa familia ya watu wanne. Asubuhi mgonjwa anakula vipande vinne vya mkate, ambavyo vinaweza kuwa na sodiamu ipatayo miligramu 500. Mchana kunapikwa mchuzi kwa kijiko kimoja cha chai cha chumvi, chenye sodiamu takriban miligramu 2,300, pamoja na kyubu mbili. Kyubu ndogo ya gramu 4 mara nyingi huwa nusu yake au zaidi ni chumvi, kwa hivyo kila moja huleta miligramu 800 hivi au kuzidi. Mchuzi ukigawanywa sawasawa, kila sahani ina karibu miligramu 1,000. Mtu huyu amefikisha miligramu 1,500 na jua halijatua, bila sosi, bila soseji, bila kuongeza hata chembe ya chumvi mezani.

Akiongeza kijiko kikubwa kimoja cha sosi ya soya, siku imekwisha kabisa. Kijiko hicho pekee kina sodiamu karibu miligramu 900. Sosi ya soya ndiyo nzito kuliko zote zinazopatikana kwenye rafu za maduka yetu, na haifai kuwa jikoni mwa mgonjwa wa figo hata kama kibandiko kinasema chumvi imepunguzwa, kwa sababu iliyopunguzwa bado ni nyingi.

Sosi ya nyanya ni nyepesi zaidi, takriban miligramu 150 za sodiamu kwa kijiko kikubwa. Kijiko kimoja hakimdhuru mgonjwa anayehesabu. Tatizo ni kwamba kwenye vibanda vya chipsi, kuanzia Maua hadi Runyenjes, hakuna anayepima kwa kijiko. Chupa hubanwa hadi chipsi zifunikwe, baada ya chumvi kunyunyizwa, na pengine pilipili ya chupa juu yake. Viazi vyenyewe vina potasiamu nyingi. Na kama kando ya sahani kuna soda nyeusi, humo huwa kuna asidi ya fosforasi. Mlo mmoja wa haraka unaweza kugusa madini yote matatu. Sosi ya nyanya pia ina sukari, karibu kijiko kimoja cha chai katika kila kijiko kikubwa, jambo ambalo mwenye kisukari hapaswi kulisahau.

Mayonezi na haradali zina sodiamu ya wastani, ila mayonezi ni mafuta karibu tupu. Achari ni suala jingine. Embe au limau lililokaa ndani ya chumvi kwa wiki kadhaa limeinywa chumvi hiyo, na kulisuuza hakuiondoi yote.

Magadi kwenye githeri

Hili linahitaji kusemwa wazi kwa sababu ni la hapa nyumbani. Mahindi na maharagwe makavu huchukua saa nyingi motoni, kuni na gesi ni ghali, na magadi hupunguza muda huo. Wengine huyatia pia kwenye mboga za kienyeji kama managu na mrenda ili zilainike na zibaki na rangi ya kijani.

Magadi, yale yanayotoka Ziwa Magadi katika Kaunti ya Kajiado, ni chumvi ya sodiamu. Hayana ladha kali ya chumvi, ndiyo maana hayashukiwi. Ndugu yake wa dukani, soda ya kuokea, ina sodiamu zaidi ya miligramu 1,200 kwa kijiko kimoja cha chai, nayo magadi hayako mbali na hapo. Magadi ya ziwani huwa pia na floridi nyingi, ambayo kwa kawaida huondolewa na figo.

Njia ya kuyaacha ipo, na ni ya zamani. Mahindi na maharagwe yalowekwe usiku kucha, maji ya kulowekea yamwagwe, kisha yachemshwe kwa maji mapya. Huiva mapema zaidi, na maji yaliyomwagwa huondoka na sehemu ya potasiamu. Mboga za kienyeji hazihitaji magadi hata kidogo. Zikichemshwa kwa maji mengi na maji hayo kumwagwa, potasiamu hupungua, ingawa pia vitamini kadhaa huenda nayo. Vivyo hivyo kwa viazi na ndizi za mukimo: zimenywe, zikatwe vipande vidogo, zichemshwe kwa maji mengi, na mukimo usipondwe kwa maji yale yale.

Kuna wagonjwa ambao daktari huwaandikia vidonge vya bikaboneti ya sodiamu ili kupunguza asidi katika damu. Hiyo ni dawa yenye kipimo, na daktari huiandika baada ya kuona majibu ya maabara. Si ruhusa ya kutia magadi kwenye chakula.

Chumvi mbadala ni hatari zaidi

Katika maduka makubwa ya mijini huuzwa chumvi inayotangazwa kuwa nzuri kwa moyo au yenye sodiamu kidogo. Kwa mtu mwenye figo nzima na shinikizo la damu, inaweza kumsaidia. Kwa mgonjwa wa figo, inaweza kumuua.

Sababu ni kwamba sodiamu iliyoondolewa huwa imewekewa potasiamu mahali pake, kwa jina la kloridi ya potasiamu. Robo tu ya kijiko cha chai cha kloridi ya potasiamu halisi ina potasiamu zaidi ya miligramu 600, kiasi kinachozidi cha ndizi mbivu ya wastani. Kwa kuwa haikolei kama chumvi ya kawaida, mpishi huiongeza. Hatari huzidi kwa anayemeza dawa za shinikizo kama enalapril, losartan au spironolactone, kwa sababu dawa hizo zenyewe huzuia potasiamu isitoke mwilini. Ni dawa nzuri, na baadhi yake hulinda figo, kwa hivyo mgonjwa asiache kuzimeza. Kinachopaswa kuachwa ni chumvi hiyo.

Mara nyingi hununuliwa kwa upendo. Mtoto aliye mjini husikia baba amekatazwa chumvi, huona mkebe ulioandikwa maneno mazuri, na huutuma nyumbani kwa gari la jioni. Hakuna aliyekosea nia. Anayepokea zawadi kama hiyo asome orodha ya viungo nyuma ya mkebe kabla ya kuifungua. Neno la kutafutwa ni potasiamu, au namba E508.

Nyanya zimeonewa

Wagonjwa wengi huambiwa na majirani waache nyanya kabisa. Hesabu haiungi mkono hofu hiyo kwa kila mtu. Nyanya moja ya wastani ina potasiamu karibu miligramu 290. Mchuzi wa watu watano uliopikwa kwa nyanya tatu humpa kila mmoja chini ya miligramu 180. Nyanya ya pakiti, ile nzito ya gramu 70, ina takriban miligramu 700 kwa pakiti nzima, ambazo kwa watu watano ni karibu miligramu 140 kila mmoja. Tofauti si kubwa. Anayetia pakiti nzima kwenye mchuzi wa watu wawili, au anayetia nyanya tatu pamoja na pakiti, ndiye mwenye jambo la kurekebisha.

Zaidi ya hayo, si kila mgonjwa wa figo amekatazwa potasiamu. Ugonjwa huu hupimwa kwa hatua tano, na wengi walio katika hatua za mwanzo potasiamu yao iko sawa. Kiwango cha kawaida katika damu ni takriban 3.5 hadi 5.0 kwa kipimo cha milimoli kwa lita. Mwenye majibu mazuri akiacha matunda na mboga kwa sababu mgonjwa mwenzake aliyekutana naye kwenye foleni aliambiwa hivyo, anajinyima bure. Chumvi ndiyo karibu wote hushauriwa kuipunguza. Mengine hutegemea majibu ya damu ya mtu mwenyewe.

Kachumbari nayo isihukumiwe pamoja na nyama choma. Kitunguu, nyanya kidogo, dania na pilipili havina ubaya kwa wengi. Ubaya ni chumvi inayonyunyizwa juu, na ule mlima mdogo wa chumvi unaowekwa pembeni mwa ubao wa nyama. Kitunguu kinachowasha kinaweza kulowekwa katika maji baridi au siki badala ya kusuguliwa kwa chumvi. Kachumbari hiyo ikikamuliwa limau, wengi hawatagundua kinachokosekana.

Vinavyofaa

Habari njema ni kwamba viungo vingi vinavyofaa hulimwa hapa hapa. Kitunguu saumu hustawi maeneo ya Timau na Kibirichia. Dania, tangawizi, limau na pilipili hupatikana Gakoromone kama vinavyopatikana soko la Embu mjini, kwa bei isiyozidi ya kyubu kwa mbali. Siki haina sodiamu ya kuhesabika. Bizari nyembamba, iliki, mdalasini, pilipili manga na rozimeri pia vinafaa kwa kiasi cha kawaida cha kupikia. Binzari ya mchuzi inafaa ikiwa ni viungo vitupu, lakini baadhi ya pakiti huwa zimechanganywa na chumvi, kwa hivyo zisomwe.

Ladha inayopotea chumvi ikipungua hurudi kwa mbinu. Kitunguu kikaangwe polepole hadi kiwe na rangi ya kahawia. Kitunguu saumu kipondwe, kikae dakika chache, kisha kiingie mwishoni ili kisiungue. Bizari ikaushwe kwenye kikaango kabla ya kusagwa. Limau likamuliwe sufuria ikiwa imeshatolewa motoni. Ulimi nao huzoea: baada ya wiki chache za chumvi kidogo, chakula cha zamani huanza kuonekana kimezidi. Wiki ya kwanza ndiyo ngumu, na ndiyo inayowarudisha wengi nyuma.

Swali la sufuria moja au mbili hugawanya familia. Nyumba nyingine humpikia mgonjwa peke yake, naye hula chakula chake kimya huku wengine wakila kilichonoga. Wengine huchoka kupika mara mbili na kumrudisha kwenye sufuria ya wote. Njia inayodumu zaidi ni kupika bila chumvi wala kyubu kwa wote, kisha asiye mgonjwa ajinyunyizie chake sahanini. Shinikizo la damu na kisukari hutembea ndani ya koo, kwa hivyo wanaokula sufuria hiyo hawapotezi kitu. Chumvi watakayojinyunyizia iwe ya kawaida yenye madini joto, ile itokayo viwanda vya Gongoni na kwingineko pwani, kwani sheria ya Kenya inataka chumvi ya mezani iwekewe madini hayo.

Supu ya mifupa inahitaji neno lake. Ni desturi kumpelekea mgonjwa supu ili apate nguvu, na anayeikataa huonekana amedharau. Kwa mgonjwa anayesafishwa damu, bakuli la supu ni chumvi, ni potasiamu iliyochujuka kutoka kwenye nyama na viazi, na ni maji. Mchuzi na supu huhesabiwa katika kiwango cha maji alichopewa kwa siku. Kila lita inayobaki mwilini ni kilo moja kwenye mizani siku ya kurudi hospitalini, na mashine inapolazimika kuvuta maji mengi kwa kikao kimoja, shinikizo hushuka ghafla na misuli hukakamaa. Anayetaka kumtembelea mgonjwa aulize kwanza. Kipande cha nyama iliyochemshwa bila chumvi, maji yake yakiwa yamemwagwa, mara nyingi humfaa kuliko chupa ya supu.

Kusoma pakiti

Viungo kwenye pakiti hupangwa kuanzia kilicho kingi zaidi. Chumvi ikiwa ya kwanza au ya pili, hiyo ni chumvi iliyotiwa rangi na harufu. Pakiti nyingine huandika sodiamu badala ya chumvi, na hapo mtu huzidisha kwa 2.5 kupata chumvi yenyewe. Sodiamu miligramu 400 ni chumvi gramu moja. Ni muhimu pia kutazama kama kiasi kilichoandikwa ni cha gramu 100 au cha kijiko kimoja.

Fosforasi hujificha kwenye namba: E338 hadi E343, na E450 hadi E452. Fosforasi hii ya kiwandani hufyonzwa na mwili karibu yote, tofauti na ile ya asili iliyo katika ndengu na kunde za Mbeere, ambayo sehemu yake kubwa hupita bila kufyonzwa. Kwa hivyo mgonjwa anayeacha ndengu lakini anaendelea na soseji na sosi zenye namba hizo amebadilisha kilicho afadhali kwa kilicho kibaya. E621, kile kikolezo kinachoogopwa sana, kina sodiamu pia, ila kwa uzito ni takriban theluthi moja ya ile iliyo katika chumvi. Kinahesabiwa, hakina haja ya kuogopwa kuliko chumvi yenyewe.

Wahudumu wa afya ya jamii, waliopewa mikoba yenye vifaa vya kupima shinikizo la damu na sukari kuanzia Septemba 2023, hufanya vipimo hivyo nyumbani. Mwenye majibu ya juu huelekezwa kwenye kituo cha afya kupimwa damu na mkojo ili figo zichunguzwe. Hospitali za rufaa za Meru na Embu zina vitengo vya figo, na huduma ya kusafisha damu hugharimiwa kupitia Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, iliyochukua nafasi ya NHIF tarehe 1 Oktoba 2024, kwa wanachama waliojisajili na ambao michango yao imelipwa.

Anayekwenda kumwona mtaalamu wa lishe abebe majibu ya damu ya karibuni na orodha ya dawa. Abebe pia pakiti tupu na chupa za kila kinachotiwa kwenye sufuria nyumbani, pamoja na kipande cha magadi kama kipo. Anayepika nyumbani aandamane naye.